Karani Aliyeomba Ruhusa

Karani alitii sheria alizozisoma tu. Zile ambazo hakuwahi kuzisoma, alisema, bado hazijamfikia. Kwa hiyo kila Jumapili alikunywa waragi ya kienyeji, iliyokuwa imepigwa marufuku, mbele ya dirisha lililo wazi, na sukari aliinunua kwa magendo kama sisi sote, maana miaka ile ya utawala wa wanajeshi sukari ya dukani ilikuwa hadithi. Lakini sheria aliyokwisha kuisoma, hata ikiwa ya kufunga mbwa kamba, aliishika kuliko askari aliyelipwa kuilinda. Mbwa mwenyewe hakuwa naye.

Tulikaa ua mmoja, Old Kampala, nyuma ya duka lililokuwa la Mhindi wa vitambaa. Mimi nilikuwa mshonaji, nimetoka Mombasa pamoja na mume wangu aliyekuwa fundi wa mabehewa ya reli kule Port Bell. Karani alikuwa na chumba cha mwisho, karibu na bomba. Alifanya kazi katika mahakama ya hakimu: aliita mashahidi, aliwaapisha, aliandika. Jina lake tulilijua na hakuna aliyelitumia. Nasikia hata hakimu alimwita Karani, basi na mimi nitamwita hivyo.

Niseme mapema kwamba mtu huyu nilimkasirikia miaka mingi. Nilimkasirikia tukiwa Kampala, nikabeba hasira ile kwenye treni hadi Mombasa, nikawa nayo jikoni nikikuna nazi. Sababu ilikuwa barua moja aliyoiandika, na nitaifikia. Lakini siwezi kuieleza barua bila kueleza televisheni, na televisheni siwezi kuieleza bila kumweleza yeye.

Televisheni ile haikuwa yake. Wahindi walipofukuzwa, mwenye nyumba wetu alimwachia aitunze, wakaandikiana. Karani akabandika karatasi ubavuni mwake: mali ya fulani, imewekwa amana. Sisi wengine tungekuwa nayo tungeifunika kitambaa cha kufuma, tukaweka juu yake chupa ya maua ya plastiki. Yeye alikataa, akisema haki ya kuipamba ni ya mwenyewe. Kila mwaka alikwenda kukata leseni yake, na leseni aliikata kwa jina la Mhindi, ambaye wakati huo alikuwa Ulaya akitetemeka kwa baridi.

Siku tuliyoitamani kila wiki ilikuwa Alhamisi, saa moja jioni. Kulikuwa na mchezo wa kuigiza wa Kiganda, juu ya familia moja na shangazi yao ambaye hakuna ndoa aliyoiacha salama. Ua mzima tulitaka kumwona shangazi huyo. Karani akasema haiwezekani. Watu wengi ndani ya chumba kimoja, giza linaingia, mlango umefungwa: huo ni mkutano usio na kibali, na sheria ya mikutano alikuwa ameisoma. Akatafuta njia. Alikuwa na redio kaseti ya mkono wa pili, yenye kinasa sauti cha waya. Kinasa hicho alikifunga kwenye spika ya televisheni kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Alhamisi anarekodi peke yake, Jumamosi saa kumi mchana, mlango wazi, tunakuja kusikiliza.

Njia hiyo ilidumu wiki moja. Jumamosi ya pili tulimkuta amesimama mlangoni na karatasi.

“Nnyabo,” akaniambia, yaani mama kwa Kiganda, “nimesoma sheria ya haki za hii mambo ya kutangaza. Mtu anaweza kunasa, hiyo iko sawa. Lakini ni ya kutumia yeye na watu ya nyumbani kwake. Wewe iko nyumbani kwangu?”

“Niko hatua sita kutoka kwako, Karani.”

“Wewe iko jirani. Jirani ni umma. Nikikuchezea wewe kaseti, mimi nakuwa kituo ya televisheni.”

Nilimwambia atakuwa kituo cha wendawazimu. Hakucheka. Alikibandika kifungu kile ukutani, juu ya televisheni, kwa wino mwekundu, na kaseti akaifungia sandukuni.

Aliyemwokoa, na kutuokoa sisi na shangazi, alikuwa Sajini. Huyu alikuwa askari polisi wa mahakama, mtu wa Lango, kule kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya kooni, aliyekaa chumba kinachofuata changu na mkewe Mama Opio. Kazini ndiye aliyewaleta mahabusu mbele ya Karani, kwa hiyo walizoeana kwa utani wa watu wanaoonana kila siku. Sajini alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Basi fanya mimi ndugu yako. Kesi kwisha.”

Alikuwa anatania. Karani akafikiri, akasema, “Kale,” yaani haya kwa Kiganda, akaingia ndani.

Waganda wana undugu wa kuchanjiana wanaouita omukago. Tunda la kahawa lina punje mbili ndani ya ganda moja. Wawili wanagawana, kila mmoja anapaka punje yake damu ya chale ndogo ya tumboni, anampa mwenzake, wanatafuna. Tangu hapo ni ndugu. Mtoto wa huyu ni mtoto wa yule, na kesi ya huyu ni kesi ya yule. Karani alitoka na kahawa na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Sajini alitazama wembe, akatazama sisi, akaona amekwisha kusema mbele ya mashahidi. Akafungua vifungo vya shati.

Sisi wengine, mimi na mume wangu na fundi viatu Mkongo wa chumba cha mbele, tulitafunishwa kahawa kavu bila damu. Karani alisema huo ni undugu wa kusikiliza, unatosha kwa kaseti. Mama Opio hakutafuna kitu, kwa kuwa alikuwa shemeji tayari kwa njia ya mume. Hivyo ndivyo nilivyopata kaka Mganda nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne, ili nisivunje haki za watu nisiowajua waliokuwa wakiigiza ugomvi.

Jumamosi zile nazikumbuka kwa furaha, nisiseme uongo. Tulikaa kwenye mikeka, Karani kwenye kiti, kidole juu ya kitufe. Picha haikuwepo, kwa hiyo aliitoa yeye kwa mdomo, kwa sauti ya mahakamani. “Hapa mwanamke anaingia na sahani.” “Hapa wanatazamana.” Kukiwa kimya sana alisema, “Hapa hakuna kitu, mume anawaza.” Sajini aliyekuwa hajui Kiganda vizuri alivunjika mbavu kabla ya sisi tuliokuwa tunafahamu, maana alicheka maelezo, si mchezo. Ndani ya kaseti mlikuwa pia na mambo ya uani: nyundo ya fundi viatu, sufuria yangu, mtoto wa Mama Opio akikataa kuoga. Shangazi akimlaani mkwe wake huku mtoto analia kwamba maji ni baridi.

Masharti yalikuwa matatu na hayakubadilika. Kaseti haitoki chumbani. Kaseti hainakiliwi. Na Alhamisi inayofuata mchezo mpya unarekodiwa juu ya ule wa zamani, kwa sababu sheria inaruhusu mtu kusikiliza, haimruhusu kujenga maktaba. Fundi viatu alimwomba mara moja amwachie sehemu ya harusi, alipe kwa kushona soli. Karani alimwonyesha ukuta. Mkongo yule, mtu mpole, aliutazama ule wino mwekundu kama mtu anayesomewa hukumu, akarudi kwenye viatu vyake.

Mimi nilidhani ni ukaidi tu. Kuna watu wanaopenda sheria kwa sababu inawapa nafasi ya kusema hapana. Karani hakuwa hivyo, na ilinichukua muda kuliona. Mahakamani kwake, miaka ile, watu waliachiwa na hakimu wakakamatwa tena mlangoni na wanaume wa miwani ya giza, wakatiwa kwenye buti la gari. Yeye alikuwa ameandika kwenye daftari: ameachiliwa. Jioni alikuwa anarudi, anafunga mpira wa tyubu kwenye spika, anahakikisha hakuna haki ya mtu inayodhulumiwa. Nafikiri alishika pale palipoweza kushikika.

Sajini naye walimchukua mchana, kutoka mahakamani, Jumatatu. Karani aliona. Alikuja moja kwa moja kwa Mama Opio akiwa na kofia ya Sajini mkononi, ile ya kazi, iliyodondoka kwenye ngazi. Alimwambia mambo kwa utaratibu: saa ngapi, wanaume wangapi, gari rangi gani. Mama Opio alichukua kofia, akaifuta vumbi kwa kiwiko, akaendelea kupepeta mchele. Baadaye usiku ndipo nilipomsikia kupitia ukutani, na sitaki kueleza nilichosikia.

Wiki tatu zikapita. Alhamisi, katikati ya mchezo, shangazi akakatwa neno mdomoni. Tangazo maalumu. Wakaonyeshwa wanaume wamesimama kwa mstari, wakasemwa kuwa walikuwa maadui wa nchi na sasa wametambua makosa yao, na wote wako katika mikono ya serikali na hali zao ni njema. Kila mmoja alisogea mbele akasema maneno machache. Wa nne alikuwa Sajini. Karani alipiga kelele kumwita shemeji yake; mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akipiga kelele. Mama Opio alifika na mikono ya unga, mimi nyuma yake, lakini Sajini alikuwa amekwisha rudi kwenye mstari, na mstari wenyewe ukatoweka.

Mashine ilikuwa inazunguka. Karani akarudisha nyuma.

“Mimi Sajini,” ilisema ile sauti ya kooni, ikataja jina lake lote. “Mimi iko salama. Nakula. Bibi yangu asiogope. Watoto waende shule.” Katikati, baada ya neno nakula, kuna kikohozi. Mama Opio alishika kikohozi kile. “Amepata baridi,” akasema. “Wanamlaza kwenye simenti.” Kikohozi kilikuwa cha Karani, aliyekuwa amekaa karibu na kinasa. Nilimtazama, akanitazama. Hakumwambia, wala mimi sikumwambia.

Tangu siku ile Karani hakurekodi tena. Kaseti hazikupatikana mjini, na ile aliyokuwa nayo hakutaka kuigusa. Shangazi aliendelea kuharibu ndoa za watu na sisi hatukujua za nani. Kila siku saa kumi na moja, akirudi kazini, alifungua mlango, Mama Opio akaja, akasikiliza mara moja, akaenda zake kupika.

Mwezi haukuisha, ikaja karatasi kutoka kwa wakubwa wa polisi. Ilisema Sajini ametoroka kazini tangu Jumatatu ile, na inaaminika amevuka mpaka kwenda kujiunga na maadui. Ina maana hakuwahi kukamatwa na mtu yeyote. Nchi nzima ilimwona kwenye televisheni, nchi nzima sasa ilitakiwa isiwe imemwona, na nchi iliitikia haraka. Wenye televisheni mtaani kwetu walianza kusema Alhamisi ile umeme ulikatika.

Kwa mke, jina la mtoro lilikuwa jambo zito. Nyumba ya mtoro ilipekuliwa wakati wowote. Watoto wake waliitwa watoto wa adui, shuleni mwalimu mmoja akawaweka nyuma. Lakini Mama Opio hakulalamikia hayo. Alichotaka ni kimoja, na alikisema kwa kila aliyekuwa na masikio.

“Mume yangu hapana kimbia,” alimwambia Karani. “Wamemchukua. Wewe nasikia yeye, mimi nasikia yeye, iko ndani ya hiyo kitu. Nipe mimi napeleka kwa mkubwa yake.”

“Shemeji, ukipeleka, watachukua. Itakwisha.”

“Basi tunakili!” nikasema mimi. “Moja apeleke, moja ibaki.”

Fundi viatu akainama kwenye nyundo yake, akasema polepole, “Mama, minajua mutu moya kule Katwe, iko na mashini mbili. Saa moya tu, kaseti inazala ingine.”

Karani aligeuka kuutazama ukuta. Nilijua anachosoma. Nikamwambia maneno ambayo leo nayaonea haya: kwamba mtu wa Lango amelala kwenye simenti kwa ajili ya kitu tusichokijua, na yeye anaona huruma kwa kituo cha televisheni. Alivumilia mpaka nikamaliza.

“Nnyabo, kaseti ya kuiba haina ushahidi,” akasema. “Hakimu atauliza, hii umepata wapi, nani alikupa ruhusa. Mimi ndiyo huwa naandika hayo maswali. Nitaomba ruhusa.”

“Kwa nani?”

“Kwa wenye matangazo.”

Aliandika. Nakala tatu, kwa taipu ya mahakama, baada ya saa za kazi. Alinisomea, na nakala moja niliishika kwa mikono yangu, kwa hiyo maneno yake ninayo: kwamba yeye, mtazamaji mwenye leseni halali iliyo kwa jina la mtu mwingine kwa amana, alinasa kwa matumizi ya nyumbani tangazo maalumu la Alhamisi tarehe fulani, ambamo Sajini fulani alionekana na kusema; kwamba sasa anaomba kibali cha kunakili sehemu hiyo na kuitoa kwa familia ya msemaji na, ikihitajika, mbele ya mahakama; na kwamba anaahidi kutoitumia kwa biashara.

Jina lake chini. Na sanduku la posta.

Nilimshika mkono. Nilimwambia, Karani, unawaandikia wauaji kwamba ushahidi uko chumbani kwako, na unawapa anwani. Akasema anaiandikia ofisi ya vibali. Nikamwambia ofisi zote ni moja sasa. Akasema kama ni moja, basi barua haitapotea njiani. Alipaka ulimi kwenye bahasha, akavaa kofia, akaenda posta. Watu huniuliza mpaka leo kama mtu huyo alikuwa jasiri au mjinga, nami nilikuwa najibu upesi sana.

Hazikupita wiki tatu wakaja. Jumamosi, saa kumi mchana, mlango wazi. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka kama zamani, bila kaseti, kwa mazoea tu, tunakunywa chai ya rangi. Mimi, Mama Opio, fundi viatu. Wanajeshi watatu na mmoja wa miwani.

“Nani Karani?”

“Ni mimi, afande.”

“Wewe iliandika barua kwa televisheni?”

“Ndiyo, afande. Nakala tatu.”

Yule wa miwani alivua miwani ili amwone vizuri. Nadhani alikuwa amezoea watu wanaokana. Akauliza kaseti iko wapi, Karani akaitoa sandukuni, akampa kwa mikono miwili. Kisha likaja swali nililokuwa nalisubiri tangu siku ya posta.

“Nani ingine alisikia hii?”

“Mimi peke yangu.”

“Na hawa?”

Karani alitutazama mmoja mmoja, kana kwamba anajaribu kukumbuka. “Hawa wamekuja kuandikiwa barua. Ni watu ya nje.”

“Hapana ndugu yako?”

“Sina ndugu, afande. Uliza mtaa yote. Sina mke, sina mtoto, sina ndugu.”

Mama Opio alikuwa amekaa karibu naye kiasi kwamba kikombe chake kiligusa mguu wa kiti. Hakuinua macho. Walibeba redio kaseti, wakabeba na televisheni. Hapo Karani alisimama, akawaomba risiti ya televisheni, akieleza kuwa si yake, ni amana. Mmoja alimpiga kofi la sikio, akaanguka juu ya mikeka. Alipoinuka akaeleza tena, kwa utaratibu uleule, kuhusu amana. Wakamchukua pamoja nayo.

Kesho yake Mama Opio alifunga mizigo akapanda basi la kwenda Lira, kwao kaskazini, na watoto na mimba yake. Aliniaga kwa kunikumbatia. Mimi nilibaki na hasira, kwa sababu mtu hawezi kuwakasirikia wale wa miwani, haina faida, nikamkasirikia yeye. Angeinakili ingekuwepo. Sauti ya Sajini ingekuwepo. Aliiua kwa adabu yake.

Walimrudisha baada ya miezi mitano, kutoka gereza la Luzira, amekonda, meno ya mbele hayapo. Kazi walikuwa wamempa mwingine. Nilimpikia uji wiki mbili na sikumwambia jambo lolote la maana. Akaenda kwao Masaka. Mwaka uliofuata shirika la reli la nchi tatu likavunjika, mume wangu akarudishwa Kenya, tukaondoka.

Serikali ile ilipokwisha anguka, na nyingine baada yake, binti yangu aliolewa Kampala. Alipojifungua nilikwenda kumwona hospitali ya Mulago. Nilikuwa natoka wodini na kapu la chupa tupu nikamkuta Karani kwenye benchi la watu wa masikio. Koti lilelile, au ndugu yake. Nilikaa upande wa kushoto, akanihamisha kwa mkono mpaka kulia, kwenye sikio zima.

Tuliulizana habari za waliokufa. Kisha nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, Karani, barua yako ile ilitumaliza.

“Walijibu,” akasema.

“Najua walijibu. Nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka.”

“Hapana. Kabla ya hapo. Walijibu kwa posta.”

Nikaweka kapu chini. Jibu lilifika mahakamani Ijumaa, akasema, siku moja kabla ya wanajeshi. Karatasi ya serikali, namba ya kumbukumbu, sahihi, muhuri. Karani mwenzake fulani, katika ofisi fulani, alipata ombi la kibali, akalijibu kama maombi yote yanavyojibiwa, akapeleka na nakala kule kunakopelekwa nakala. Karani alifumba macho akaisoma kutoka kichwani. Kuhusu barua yako. Tangazo la tarehe hiyo, ambamo Sajini huyo alionekana na kusema, ni mali ya kituo. Ombi lako limekataliwa. Huruhusiwi kunakili, kuchezesha, wala kumsimulia mtu yeyote yaliyosemwa humo.

“Alionekana na kusema,” nikarudia.

“Na tarehe. Wiki tatu baada ya ile Jumatatu waliyosema alitoroka.”

Barua hiyo alimpa Mama Opio jioni ileile ya Ijumaa. Wanajeshi walipokuwa wanapindua godoro la Karani, barua ilikuwa ndani ya mkanda wa vazi lake la gomesi, pale alipokaa na kikombe chake. Alikwenda nayo Lira, akakaa nayo miaka. Serikali mpya ilipowaita wake wa askari waliopotea, wenzake walikwenda na picha na machozi, wakaambiwa wasubiri. Yeye alitoa karatasi yenye muhuri. Jina la Sajini lilifutwa kwenye orodha ya watoro, likaandikwa kwa waliofia mikononi mwa serikali. Watoto wakasomeshwa kwa jina hilo.

Nililia pale kwenye benchi, na sikuwa na leso. Miaka yote ile jikoni kwangu. Nikamwuliza, “Kwa hiyo ulijua? Ulikuwa ujanja?”

Alichukia. Nilimwona anachukia, uso mzima. “Ujanja gani, nnyabo? Mimi niliomba ruhusa.”

“Na kama wangekubali?”

“Ningenakili.”

Muuguzi alipita akiita jina la mtu mwingine. Nikamwuliza kama bado anakumbuka alivyosema Sajini kwenye kaseti. Akasema neno kwa neno, alisikiliza kila siku na shemeji. Nikamwomba anisimulie.

“Walikataa,” akasema. “Nimekusomea sasa hivi.”

Nilidhani yameishia hapo. Alikuwa anatazama mikono yake. Kisha akasema Mama Opio alikuja Masaka mwaka jana na yule msichana aliyekuwa tumboni wakati ule, ambaye hakuwahi kumwona baba yake. Msichana alimpigia magoti, akamwuliza baba yangu alikuwa anaongea namna gani.

“Ukamwambiaje?”

Karani alitazama huku na huku kwenye benchi, watu wote wa masikio, akaniinamia.

“Nilimwambia yote,” akasema. “Mara tatu. Bila ruhusa.”